Lenzi Inayonyoosha Kuta

Mtaa wa Semafoo, Nairobi
9 Februari 2025

Kaka Nahashon,

Kifurushi kimefika. Karani wa basi alinikabidhi akisema, "Madam, kama ni mayai, hayo tayari ni omleti." Hayakuwa mayai. Lenzi yako ni nzima, nzito kama jiwe, na kioo chake cha mbele kimetokeza kama jicho la samaki aliyeshtuliwa.

Ulisema jambo hili hutalijadili na mimi kwa simu, kwa kuwa kwenye simu naanza kugombana kabla hujamaliza salamu. Haya, tuandikiane. Nitagombana taratibu.

Huko Kisumu habari zetu zinakufikia vipande vipande, kwa hiyo nikukumbushe vita vyenyewe. Tarehe kumi na tano Machi wakazi wa Semafoo watainua mikono holini. Ama mtaa ubomolewe na Kampuni ya Makao Mapya ijenge minara yake, ama ubaki ukarabatiwe. Kampuni imegawa kijikaratasi chenye picha ya bloki yetu, ghorofa ya juu imelalia nyuma kama mlevi anayetafuta pa kuegemea. Chini wameandika: JE, UNGEKUBALI KULALA HAPA? Baba amelala hapa tangu alipokuwa gadi wa treni. Mama alifia hapa. Nimeandika makala tatu za kuwajibu na hakuna gazeti lililozitoa, ndipo ukaniambia kwamba kuta hazijalala, ni mpiga picha aliyeinua kamera uso juu. Sentensi moja ya kiufundi ikabomoa uongo ambao makala zangu tatu hazikuukwaruza. Nilikuchukia kidogo.

Jana asubuhi niliisimamisha kamera kwenye stendi mbele ya bloki kabla jua halijavuka paa. Moshi wa jiko la Ndunge, mwenyekiti wetu, ulikuwa umelala chini mweupe kama maziwa. Lenzi hii haijilengi yenyewe. Unaizungusha kwa mkono, na dunia inatoka kwenye ukungu kidogo kidogo: bomba kwanza, halafu mlango wa kijani, halafu Baba kwenye kiti chake. Nikaiweka kamera sawasawa kwa pimamaji. Paa lilikuwa limekatwa. Mkono wangu ulitaka kuinua kamera kama kawaida, nikauzuia, nikazungusha kile kifundo cha pembeni. Kamera haikusogea. Lenzi ndiyo iliyopanda, na jengo likainuka kwenye skrini, limenyooka, kimya, kama watu wanavyosimama wimbo wa taifa ukianza. Nilisahau kubonyeza. Nilibaki pale nikitazama nyumba yetu ikisimama wima kana kwamba ilikuwa ikingoja kuombwa.

Nilimwonyesha Baba. Alitazama sana, akasema, "Imesimama." Halafu akaomba chai.

Wananchi wanataka ukweli, Kaka, na ukweli nimeupata. Asante.

Dada yako,
Amondi


Kisumu
18 Februari 2025

Mpendwa Amondi,

Nimecheka hiyo ya omleti.

Umefanya vizuri kuanza na pimamaji. Wengi huipuuza, halafu wanailaumu lenzi. Miaka yote niliyowapigia wasanifu majengo picha, kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kuweka kamera sawa, kusogeza lenzi, kungoja mwanga. Usisogeze hadi mwisho. Pembe yake ni pana mno, na ukizidisha, kona za picha zinavutika na jengo linaonekana limesimama kwa ncha za vidole.

Kifundo cha pili, kile kinachoiinamisha lenzi, kiache. Hicho hakinyooshi kitu. Kinachagua ukanda mwembamba wa kuonekana vizuri na kuyeyusha kilichobaki. Kina kazi zake, lakini si kazi yako.

Sasa swali, na tafadhali lisome mara mbili kabla hujanijibu. Umewahi kumuuliza Baba yeye anataka nini tarehe kumi na tano? Sisemi anachokihitaji, wala anachostahili. Anachokitaka.

Kaka yako,
Nahashon


Mtaa wa Semafoo
1 Machi 2025

Kaka,

Bila shaka nilikizungusha. Ulitegemea nini? Mtu akiniambia mlango huu usifungue, nauliza ni nani aliyeufunga na kwa faida ya nani.

Fundi Muriuki aliniruhusu kupanda juu ya yale maghorofa mapya anayoyajenga ng'ambo ya ukuta wetu, na kwa wiki nzima nimekuwa nikipanda kila asubuhi. Kutoka kule Semafoo yote inaonekana imelala chini yako. Unainamisha lenzi kidogo, unazungusha, na kitu fulani kinatokea ambacho sina jina lake. Huku mbele panayeyuka. Kule nyuma, Barabara ya Jogoo na magari yake yote, panayeyuka. Katikati unabaki mstari mmoja wa uwazi, na ndani yake mtaa wetu umekuwa kitu cha kuchezea. Paa za vigae zinang'aa nyekundu kama peremende. Mparachichi wa Mama ni kifungo cha kijani. Ndunge anatoka na beseni, mdogo kuliko ukucha wangu, anaanika shuka, na shuka inapepea polepole, na mimi huku juu nazuia pumzi nisije nikampeperusha. Juzi nilimwona Baba akitembea ubavuni mwa bloki, taratibu, mkono ukutani, anasimama, anaendelea. Nilifikiri, hivi ndivyo Mungu anavyotuona siku ambazo hana hasira.

Sikujua kwamba naweza kukaa bila kubishana na mtu kwa muda mrefu hivyo. Nashuka nikiwa kama niliyetoka usingizini, na mtu akinisalimia pale chini inanichukua muda kukumbuka kwamba ana ukubwa wa kawaida.

Picha hiyo nimeichapisha kwenye bango pana kama ukuta wa holi. Watu waone wanachotaka kukitupa.

Kuhusu swali lako: nimelisoma mara mbili na mara ya pili limenikera zaidi. "Baba anataka nini." Hivyo ndivyo kampuni wanavyoongea! Wanamtenga mtu mmoja mmoja, wanamnong'oneza, mwisho hakuna mtaa tena, kuna foleni ya watu na matakwa yao. Wazee wa Semafoo wanataka heshima. Baba ni mzee wa Semafoo. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Dada yako (bado),
Amondi


Kisumu
8 Machi 2025

Amondi,

Nakuomba bango hilo usilitundike. Chukua ile ya kwanza, ya bloki iliyonyooka. Ile inathibitisha jambo. Hii ya kuinamisha ni nzuri, naamini, lakini jicho la binadamu likiona ukungu juu na ukungu chini linadhani linatazama kitu kidogo kilichowekwa mezani. Niliwahi kumpelekea msanifu mmoja picha ya hospitali iliyokwisha kujengwa, naye akaniuliza mfano ule mdogo wa jengo umetengenezwa kwa mbao au kwa karatasi. Watu wako watauliza hivyo hivyo.

La pili ni zito zaidi. Baba alinikataza kukuambia, na leo namkosea. Wakati wa mvua za Novemba alianguka akienda choo kile cha mwisho wa bloki. Alibaki kwenye tope mpaka alipopata nguvu za kujiinua kwa kushika ukuta. Wewe ulikuwa kwenye mkutano wa kuutetea mtaa. Alioga, akafua suruali, akakungoja na chai. Hakukuambia kwa sababu, na haya ni maneno yake, "Amondi ataifanya makala."

Anataka choo ndani ya nyumba. Kampuni wamemwahidi choo ndani ya nyumba. Ongea naye kabla ya Jumamosi.

Nahashon


Mtaa wa Semafoo
18 Machi 2025

Nahashon,

Barua yako ilifika jana. Mkutano ulikuwa Jumamosi. Nakuandikia kwa mpangilio kwa sababu nikianza na mwisho sitafika mwanzo.

Holi lilijaa. Ndunge alitundika bango langu ukutani, na kwa kuwa msumari mwingine haukuwepo, alilitundika moja kwa moja juu ya meza ya kampuni. Mimi nilikuwa nyuma nikipanga hotuba. Nilisikia mtu akisema, "Ala! Kumbe ni hii?" Nikageuka. Watu walikuwa wamelizunguka bango midomo wazi.

"Hii ndiyo wanatujengea?" akauliza Mama Khavere wa bloki ya mwisho.

"Si unaona ni mfano? Angalia vile ni kadogo."

"Na paa nyekundu! Mimi paa kama hizo ndizo nataka. Hizi zetu zimechoka."

"Hata nguo wameanika, aki! Hawa wasee wa kampuni wako siriasi."

"Wamewacha hadi nafasi ya watoto kucheza. Minara iko wapi? Tuliambiwa minara."

"Walisikia kilio chetu," akasema Mama Khavere, akifuta macho kwa ncha ya leso.

Kaka, hawakuujua mtaa wao. Hakuna kati yao aliyewahi kuuona kutoka juu, unang'aa, bila matope. Waliupenda palepale. Mtu akapaza sauti, "Kama ni hii, mimi nakubali!" na mikono ikaanza kupanda, mikono mingi, hata ya watu niliokuwa nimewahesabu upande wangu. Munene, yule wa kampuni, alilitazama bango, akatazama mikono, na nakuapia nilimwona akifahamu. Alifungua kalamu.

Nikapanda juu ya kiti. "Hiyo ni Semafoo! Hizo ni nyumba zenu! Mama Khavere, shuka hiyo ni ya Ndunge!"

Halafu Mama Khavere akasogea karibu, akaweka kidole kwenye bango, akakifuatisha kutoka holini mpaka mlangoni kwake. "Woi," akasema. "Kumbe naishi hapa." Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Si wote waliocheka. Ndunge alinijia. "Umetufanya midoli, Amondi. Miaka yote hii tunakusikiliza ukituita wananchi, kumbe ukipanda juu unatuona hivi?"

Munene ndiye aliyeniokoa, kwa ujinga wake. Alisimama akasema kwa upole, "Basi wazee, mikono tumeshaiona, mmekubali." Holi likamgeukia. Alipigiwa kelele mpaka akakaa. Ndunge akaitisha kura upya. Wanaotaka mtaa ubaki: mikono kama msitu. Wanaotaka ubomolewe: mmoja hapa, wawili pale. Na mbele kabisa, kwenye kiti cha wageni wa heshima nilichomwekea mwenyewe, Baba. Mkono wake wote juu, kiwiko kimenyooka, kama alivyokuwa akiinua bendera treni iondoke. Alikuwa akitazama mbele. Hakunitafuta kwa macho.

Tumeshinda. Nilibebwa juu juu. Jumapili asubuhi Baba alivaa koti, akasema anakuja kwako kupumzika, na nilikuwa bado natafuta maneno wakati basi lilipoondoka.

Sasa nimeisoma barua yako na sijui nimkasirikie nani. Wewe ulijua tangu Novemba. Ulinitumia lenzi badala ya ukweli.

Amondi


Mtaa wa Semafoo
26 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Nahashon ameniambia ulivyoanguka. Usimgombeze.

Mvua zimeanza. Leo asubuhi niliisimamisha tena kamera pale pale nilipoisimamisha siku ya kwanza, nikaifungua ile picha ya Februari nizilinganishe. Bloki imesimama vizuri, uliona mwenyewe. Lakini nilitafuta njia ya kwenda chooni kwenye picha ile na haimo. Nilidhani nimekosea. Sikukosea. Ukisogeza lenzi juu ili paa liingie, chini panatoka. Ndivyo inavyofanya kazi, inanyoosha ukuta kwa kuiacha ardhi nje. Picha zangu zote za kuta, nzuri zile, hazina pa kukanyaga. Na siku ile nilipokuona kutoka juu ukitembea mkono ukutani, niliona uzuri tu. Sikujiuliza kwa nini umeshika ukuta.

Nikazungusha kifundo upande wa pili, lenzi ikashuka. Paa likatoka. Ikaingia mifereji iliyopasuka, tope, jiwe lile linaloyumba, na ukutani, kwenye kimo cha mkono wako, mstari mweusi ambapo rangi imelika kwa kushikwa. Umeshika pale kwa miaka mingapi, Baba? Nimepita hapo kila siku.

Sasa sikiliza. Nimezungumza na Ndunge, tumepatana kwa shida. Wakazi wa Semafoo wanadai kwamba ukarabati uanze na vyoo, na viwe ndani ya nyumba. Wazee wa mtaa huu waliendesha treni za nchi hii na hawastahili kutambaa kwenye tope. Hakuna jamii inayojiheshimu inayokubali hali kama hiyo. Nimetayarisha hoja saba, nazituma kwenye karatasi ya pili, ya tatu na ya nne. Zisome, utaona kwamba kurudi kwako hapa ni jambo la haki, la historia na la busara.

Binti yako,
Amondi


Kisumu
6 Aprili 2025

Amondi,

Marahaba. Nimesoma karatasi zote nne. Hoja ya tano ni nzuri.

Mimi sikupigia kura kampuni. Nilipigia kura choo. Ningekuambia, lakini kukuambia wewe jambo ni sawa na kulipeleka redioni. Nilitaka lile tope liwe langu.

Hapa kwa Nahashon choo kiko hatua chache kutoka kitandani. Nalala vizuri. Mkewe hapiki vibaya. Sina shida.

Nikwambie jambo moja halafu nipumzike. Ulipokuwa mdogo, ukitaka uji ulikuwa unaingia jikoni na kusema, "Watoto wana njaa." Watoto gani? Nahashon yuko shule. Ulikuwa wewe peke yako na kikombe. Mama yako alikuwa anacheka na kukumiminia. Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nangoja useme ni wewe.

Sasa unaniandikia kwamba wakazi wanadai, wazee wanastahili, jamii haikubali. Hao wote nawafahamu, na hakuna hata mmoja aliyeniandikia barua. Kwa hiyo sijui ni nani anayeniita.

Baba yako,
Z. Ooko


Mtaa wa Semafoo
13 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo.

Fundi ameanza kuvunja ukuta wa stoo, choo kitaingia hapo. Lakini siandiki kwa sababu ya choo.

Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara imegeuka kuwa hotuba. Nimezichana. Hii ni fupi kwa sababu nimeacha kila kitu ambacho si changu.

Asubuhi napika chai ya watu wawili, halafu nakumbuka. Nakaa kwenye kile kiti chako. Hakuna wa kubishana naye na sitaki wa kubishana naye.

Nataka urudi. Hakuna aliyenituma kusema hivyo.

Amondi